Chupa Mbili za Dawa ya Kikohozi

Litlåsen, 14 Septemba 1978

Mpwa wangu Magnhild,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mvua ya huko Bergen inakupa walau nafasi ya kuanika nguo. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi lina maisha yake. Viazi tumevuna, vingi ila vidogo. Kondoo wameshuka mlimani wote kasoro mmoja, na huyo mmoja sishangai, mama yake naye alikuwa hivyo hivyo. Msalimie sana mama yako. Mwambie dada yangu kwamba zile karatasi za chama chake cha kupinga ulevi zimefika salama, na zinawaka vizuri sana jikoni.

Sasa jambo lenyewe. Wakati wa kiangazi uliniandikia kwamba shule yako mpya imekupa darasa la kemia, na kwamba utawafundisha watoto kuchoma alkoholi za kila aina na kupima joto linalotoka. Nilicheka siku hiyo mpaka mbwa akatoka nje. Sasa sicheki.

Unamjua Gunnvor Aune, jirani yangu wa shamba la Aune ng'ambo ya mto, mjane wa marehemu Arnt. Tangu Arnt afariki, miaka sita sasa, kila Jumamosi saa tisa naenda kwake kunywa kahawa. Nasema kahawa, nawe unanielewa, ile yenye dawa ndani. Gunnvor ana mtambo wa kuipika aliouacha Arnt, mimi nina wangu, na kila Jumamosi tunabishana dawa ya nani ni kali zaidi. Mimi humpelekea chupa ya kwangu kila mwezi ili ajifunze. Ya kwake si mbaya, ila ina ladha ya chuma kwa mbali, na nimemwambia hivyo miaka yote sita bila kumficha. Unajua desturi yetu: senti chini ya kikombe, kahawa mpaka isionekane, kisha dawa mpaka ionekane tena. Yeye anadai kwamba ukimimina yake, senti inaonekana upesi zaidi. Nikamwambia senti inaonekana upesi kwa sababu kahawa ya Gunnvor ni nyepesi. Sikupewa keki siku hiyo.

Tumezichoma zote mbili kwenye kijiko. Zote zilitoa moto wa bluu, zote zilikauka bila kubakiza hata tone. Kijiko kimeshindwa kutuamua. Basi tumepeana mikono: wewe utapima. Atakayeshindwa atafunga mtambo wake moja kwa moja, na kuanzia hapo Jumamosi zote atakunywa kahawa nyumbani kwa mshindi. Mimi jikoni nimeshapaka rangi. Njano, kwa sababu Gunnvor anapenda njano. Nimetundika na mapazia, ingawa tangu nizaliwe sijaona kazi ya mapazia.

Jibu upesi, nimeshaagiza na keki.

Mjomba wako,
Ingebrikt


Bergen, 3 Oktoba 1978

Shikamoo mjomba,

Barua yako nimeipata, na nashukuru kusikia wewe na goti lako mnaendelea. Huku tuko wazima. Mvua inanyesha. Jana ilisita kidogo, watu wakatoka nje kuangalia kuna nini. Mama alikuwa na mafua mabaya, lakini habari za mafua yake nitazifikia, maana wewe umo ndani.

Kwanza nikujibu. Hapana. Mimi ni mwalimu, nimeajiriwa na serikali, nina miezi miwili tu kazini, na unachoniomba ni kuleta gongo darasani. Tuliite kwa jina lake mjomba, sisi ni watu wazima. Watu wanafungwa kwa hicho kitu. Ninachopima mimi na wanafunzi ni alkoholi za maabara: methanoli, ethanoli, propanoli na butanoli. Unaweka kila moja kwenye taa ndogo yenye utambi, unaipima uzito, unaiwasha chini ya kopo la maji, unaangalia maji yamepanda digrii ngapi, kisha unapima taa tena kujua imeungua kiasi gani. Hakuna kahawa, hakuna senti, hakuna keki.

Hilo la kwanza. La pili, goti lako umelitaja mara moja katika barua nzima, na Gunnvor je? Nilianza kuhesabu nikaacha. Na mapazia, mjomba. Wewe ambaye mama anasema ulitumia bendera ya taifa kuzibia dirisha. Mimi siulizi kitu.

Sasa la tatu. Nilikuwa nimeamua kwamba hayo ndiyo majibu yangu na yameisha. Nikarudi nyumbani nikamkuta dereva wa basi mlangoni ana sanduku kutoka kwako. Hukungoja nikubali. Nikatoa chupa mbili zimefungwa kwenye gazeti, na kila moja ina karatasi yenye mwandiko wako: "Dawa ya kikohozi, namba 1" na "Dawa ya kikohozi, namba 2."

Nikaziweka juu ya kabati nikisubiri nafasi ya kuzimwaga. Jumapili mama akaja kula. Anakohoa, macho mekundu. Mimi niko jikoni nageuza samaki, nasikia sebuleni kimya, halafu nasikia mtu anaimba. Mjomba, mtunza hazina wa chama cha kupinga ulevi alikuwa amekunywa kijiko cha namba moja na kijiko cha namba mbili, na mashavu yake yamekuwa kama nyanya. Akaniambia, "Kaka yangu ana kasoro nyingi, lakini kumbe dawa anazijua."

Tangu siku hiyo anakuja kila jioni kwa dozi. Kikohozi kimepona wiki iliyopita. Dozi inaendelea. Anataka umwandikie namna ya kuitengeneza, awape na akina mama wa chama.

Sasa nifanye nini? Niambie mimi.

Mpwa wako,
Magnhild


Litlåsen, 24 Oktoba 1978

Magnhild mwanangu,

Habari za hapa ni nzuri. Theluji imegusa kilele cha mlima ikarudi. Yule kondoo amepatikana, alikuwa kwa jirani akila maua, na hakuonyesha kujuta hata kidogo.

Kuhusu mama yako, swali langu ni moja tu: anarudia chupa ipi zaidi? Usimwambie kitu. Mwache achague mwenyewe, huo nao ni ushahidi. Ila usimpe zote, bakiza ya kupima.

Nimesoma kuhusu hizo alkoholi zako nne. Huyo butanoli ndiye mwenye moto kuliko wote? Anaweza kukaa na kahawa? Nauliza tu.

Sasa nakuandikia jambo jingine, na naomba ulisome ukiwa umekaa. Binti yake Gunnvor anayeishi Drammen anataka kumchukua. Amempatia chumba kwake, chenye bomba la maji ya moto na dirisha linalotazama duka. Anasema mama hawezi kukaa peke yake upande huu wa mto akiwa na miaka sitini na saba, nani atamkuta akianguka? Mimi nilikuwepo mezani binti aliposema hivyo kwenye simu. Nikasema kwa sauti, "Mimi nitamkuta, Jumamosi saa tisa." Gunnvor akasema, "Na nikianguka Jumatatu?" Hajaamua bado. Anasema ataamua baada ya mwaka mpya.

Kwa hiyo nimefikiri. Mtu aliyeshinda hahami. Mtu mwenye dawa kali kuliko zote bondeni, mwenye mtambo unaofanya kazi na mgeni kila Jumamosi, atahamaje aende kutazama duka? Naomba namba mbili ishinde. Namba mbili ni ya Gunnvor. Ishinde kwa mbali, ili pasiwe na maneno. Mimi nitafunga mtambo wangu, na mapazia nitayageuza magunia.

Usiniulize kwa nini. Ni ujirani tu.

Mjomba wako,
Ingebrikt


Bergen, 15 Novemba 1978

Shikamoo mjomba,

Natumaini hujambo na goti limetulia. Mama ni mzima wa afya kuliko nilivyowahi kumwona, na amechaguliwa kuwa mwenyekiti. Habagui chupa, anakunywa zote sawa kwa haki.

Ujirani tu. Haya, nimesikia.

Lakini mjomba, namba siwezi kuzipika. Gongo mnaweza kupika ninyi, namba hapana. Nikianza kumdanganya mjomba wangu mwaka wa kwanza wa kazi, mwaka wa pili nitadanganya nani? Nilichoweza kukufanyia ni kupima kwa uaminifu. Nilikwenda shuleni Jumamosi, jengo tupu, nikafunga mlango wa maabara na kuziba tundu la ufunguo kwa pamba. Kama ningekamatwa ningesema nini, sijui hadi leo.

Nilimimina namba moja kwenye taa. Juu yake nikaning'iniza kopo lenye gramu mia mbili za maji. Nikawasha, nikakoroga, nikangoja maji yapande digrii ishirini, nikazima. Taa ilikuwa imepungua gramu moja na nukta mbili. Ukipiga hesabu, kila gramu ya dawa yako imetoa kilojuli kumi na nne, kasoro kidogo. Nikasafisha kila kitu, nikarudia kwa namba mbili. Kilojuli kumi na nne, kasoro kidogo. Nikarudia zote mara tatu. Hazikuachana hata kwa unywele.

Kwa hiyo ni sare. Lakini kuna jambo lingine, na sitakuficha kwa sababu hukuwahi kunificha kitu. Kitabu changu kinasema gramu ya ethanoli safi inatoa karibu kilojuli thelathini. Zenu zimetoa kumi na nne. Ethanoli ya shule imekwisha, inasubiriwa kutoka bohari, kwa hiyo nimelinganisha na kitabu tu, na kitabu hakina upande. Maana yake ni moja: dawa zenu zote mbili zaidi ya nusu ni maji.

Pole mjomba. Usivunjike moyo. Pengine mitambo imezeeka.

Wako mtiifu,
Magnhild


Litlåsen, 9 Desemba 1978

Mwalimu Magnhild,

Hali ya hewa ni nzuri. Theluji imeanguka.

Barua yako nilimsomea Gunnvor kwa sauti, mezani kwake, Jumamosi ile ile ilipofika. Nilipofika kwenye "nusu ni maji" akauliza, "Yako au yangu?" Nikasema zote. Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa aproni, cheko ambalo sikulielewa, maana mimi nilikuwa nimeumia. Halafu akauliza, "Kwa hiyo nani ameshindwa?" Nikasema wote. Tulipeana mikono, anayeshindwa anafunga mtambo. Wote tumeshindwa, wote tunafunga. "Na Jumamosi?" akauliza. Nikamwambia mkataba ulisema mwenye kushindwa anakunywa kahawa nyumbani kwa mshindi. Mshindi hayupo. Kwa hiyo nyumba ya kunywea kahawa haipo.

Kisha akaniambia nifunge mlango vizuri nikitoka, baridi inaingia.

Jumamosi tatu sijaenda. Makubaliano ni makubaliano. Mtambo wangu nimeufungia ghalani na ufunguo nimeutupa kisimani, na sasa maji yana ladha ya ufunguo. Gunnvor amempigia simu binti yake. Lori linakuja mwanzoni mwa Februari.

Nikuulize swali moja, wewe mwenye kitabu. Kama nusu ilikuwa maji, kijiko kilikaukaje? Nimechoma dawa kwenye kijiko miaka arobaini na tano. Yenye maji hubakiza maji. Hii haikubakiza. Nilikaa nalo hilo usiku na mchana, lakini mimi ni mkulima, na wewe umesoma chuo.

Soksi usinitumie Krismasi hii. Mtu wa nusu maji hahitaji soksi.

Ingebrikt


Bergen, 23 Januari 1979

Shikamoo mjomba wangu mpenzi,

Najua umekasirika, maana soksi nilizotuma zimerudi, na hukuweka hata karatasi ndani. Mama naye amekasirika. Dawa imebaki vijiko vichache tu na nimemficha. Amekwenda kununua dawa ya kikohozi ya dukani, akaonja, akasema wazalishaji wa siku hizi hawana dhamiri.

Sina la kujitetea, nakuambia tu kilichotokea. Ethanoli ya shule ilifika wiki iliyopita, na Ijumaa darasa langu likafanya lile jaribio. Makundi manne, taa nne, makopo manne. Siku hiyo chumba kilikuwa cha baridi kwa sababu mitambo ya joto shuleni imeharibika tangu Krismasi. Tukaanza. Methanoli ikatoa kidogo, ethanoli zaidi, propanoli zaidi, butanoli akawapita wote na kunuka kuwapita wote. (Huwezi kumweka kwenye kahawa, mjomba. Wala usimwonje methanoli hata kwa ncha ya ulimi, anapofusha.) Mpangilio ulikuwa sawasawa na kitabu. Lakini namba zote zilikuwa chini. Zote, nusu ya kitabu au chini yake. Nikatazama ya ethanoli, chupa mpya, muhuri wa serikali juu yake: kilojuli kumi na nne, kasoro kidogo.

Nikaanza kufikiri kwamba serikali nayo inatia maji.

Wakati huo huo mkuu wetu wa shule, Bwana Eikrem, akaingia kukagua somo langu. Nilimwogopa mwezi mzima. Hakukagua kitu. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye taa, akavua glavu, akanyoosha mikono kando ya kopo, kulia na kushoto, akafumba macho. Akasema, "Mwalimu, hapa ndipo mahali pekee pa kuishi katika jengo hili." Akabaki hapo nusu saa, anageuza mikono kama mtu anayechoma mkate, na wanafunzi wanaandika vipimo wakimzunguka.

Nami nikamtazama, ndipo nikaelewa. Joto lote lile alilokuwa anaota mkuu wa shule halikuwa kwenye maji. Lilikuwa linatoka kando, linapanda juu, linalipasha kopo, linaipasha meza, linampasha Eikrem. Kipimajoto kinajua tu kilichofika kwenye maji. Kitabu kinataja joto lote linalotoka, mimi nilipima lile lililofika, halafu tofauti nikaiita maji. Mwalimu wa kemia. Nimejionea haya mjomba, na nakuomba radhi kutoka moyoni. Kijiko chako kilikuwa na akili kuliko kitabu changu, na swali lako la Desemba lilikuwa swali sahihi. Nililisoma nikalipuuza kwa sababu liliandikwa na mkulima. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jana nimerudia. Nimezungushia taa karatasi za alumini, nimelishusha kopo mpaka karibu na moto, nimelifunika. Ethanoli ya serikali ikapanda ikatoa ishirini. Nikachukua vijiko vya mwisho nilivyomficha mama. Namba moja: ishirini. Namba mbili: ishirini. Dawa yako ni safi sawa na ya serikali, na ungeweza kuwauzia.

Sasa mambo mawili, halafu niache.

La kwanza. Namba moja na namba mbili zinalingana si kwa joto tu. Nimezipima uzito, nimezinusa, nimezikausha, nimezitazama kwenye mwanga. Gongo za watu wawili, mitambo miwili, maji ya visima viwili, haziwezi kufanana hivyo. Mimi nina wazo langu na silisemi, si langu kulisema. Muulize Gunnvor.

La pili. Ulisema nisiulize kwa nini ulitaka ashinde. Siulizi, nakuambia. Unampenda, mjomba. Unampenda na umekuwa ukimbishia miaka sita kuhusu senti kwenye kikombe. Joto unalo, linaishia pembeni. Sogea karibu.

Na fanya haraka, Februari ni wiki ijayo.

Magnhild wako


Aune, 9 Februari 1979

Mpendwa Magnhild,

Habari za hapa ni nzuri sana. Goti linauma, lakini ni kwa sababu nzuri, nitakueleza.

Barua yako ilifika Jumatatu. Niliisoma mara nne, mara ya tano sikumaliza, nikavaa skii za kutelezea thelujini. Haikuwa Jumamosi wala haikuwa saa tisa. Mto umeganda, nilivuka moja kwa moja badala ya kuzungukia darajani, nikaanguka mara mbili, na ndiyo hiyo habari ya goti. Nilipofika ukumbini kwake kulikuwa na masanduku yamepangwa hadi kwenye ngazi. Nilipoyaona, maneno yote niliyokuwa nimeyaandaa njiani yakanitoka.

"Gunnvor," nikasema, "dawa yangu ni sawa na ya serikali."

"Najua," akasema. "Vua viatu, unanilowesha sakafu."

"Na ya kwako ni sawa na yangu. Sawa kabisa. Magnhild anasema haiwezekani. Anasema nikuulize wewe."

Alisimama na gazeti mkononi, alikuwa anafungia vikombe. Akanishika mkono wa koti, akanipeleka stoo, akawasha taa. Mtambo wa Arnt umekaa pale pale alipouacha. Nikafunua kifuniko. Ndani mna vitunguu, vimepangwa vizuri, vimekauka safi.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu wiki ya mazishi. Sikuupenda huu mtambo hata siku moja. Unanuka, na Arnt alikuwa anaongea nao."

"Sasa mimi miaka yote sita nimekuwa nikinywa nini hapa?"

"Yako. Si unaniletea kila mwezi, nijifunze?"

Magnhild, nilikaa juu ya gunia la viazi. Miaka sita. Jumamosi zaidi ya mia tatu nimekaa kwenye meza ya mwanamke huyu, nimeinywa dawa yangu mwenyewe kutoka kwenye kikombe chake, nikainua kidole na kumwambia inakosa kitu. Nikamuuliza kwa sauti ndogo kuhusu ile ladha ya chuma.

"Imo," akasema. "Nilidhani unajua. Ulipokuwa unaisema, mimi nilikuwa nasema moyoni, afadhali amekubali."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia sina mtambo, tungebishana nini? Ungekuja Jumamosi kufanya nini hapa?" Akageuka akaanza kupanga vitunguu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. "Ulipotaka kwenda kupima nikakubali, nikakujazia chupa kutoka kwenye chupa yako. Nilijua itakuwa sare. Sare ingetubakisha mezani. Sikujua kwamba mpwa wako atatushinda sote wawili kwa mpigo mmoja, na kwamba wewe ni mjinga kiasi hicho cha kukubali kufungiwa nje na mkataba."

Hapo ndipo nilikuwa na nafasi ya kusema kuhusu mkataba, kwamba mkono ni mkono na makubaliano ni makubaliano, na nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikakumbuka barua yako. Nikasimama kutoka kwenye gunia, nikasogea mpaka pua yangu karibu iguse shali yake, karibu kuliko nilivyowahi kusogea tangu Arnt atutambulishe mwaka wa hamsini na mbili.

"Ningekuja kukuona," nikasema. "Mimi huja kukuona wewe. Kahawa yako ni nyepesi."

Mimi nilidhani nimeharibu kwa hayo maneno ya kahawa, na mpaka sasa sijui kwa nini niliyatia. Kisha akasema, "Masanduku ni kumi na saba. Nani atayafungua?"

Nikamwambia mimi. Siku hiyo tulifungua kumi na moja. Jumanne tukamaliza yaliyobaki, na vikombe vyote vikarudi kabatini isipokuwa kimoja nilichovunja.

Jana, Alhamisi, binti yake akafika na lori kutoka Drammen. Safari ya siku nzima kwenye barafu, amechoka, amekuja na wanaume wawili wa kubeba. Akaingia, akaona kabati limejaa, mapazia yangu ya njano yametundikwa dirishani, na mimi niko mezani nimevaa soksi bila viatu. Akasimama mlangoni na kofia kichwani.

"Mama," akasema, "sasa tubebe nini?"

Gunnvor alikuwa anamimina kahawa, hata hakuinua kichwa. "Zungukieni darajani," akamwambia, "mkabebe vitu vya Ingebrikt."

Mjomba wako